Mto wa hewa juu ya mto wa maji: Je, hovakrafti itamfikisha mfanyakazi kazini?



Katika kila mji mkubwa uliojengwa kando ya mto, hoja moja huzuka, hutulia, kisha huzuka tena. Barabara zimejaa magari, mabasi yamejaa watu, na wafanyakazi hufika ofisini wakiwa wamechoka kabla ya kazi kuanza. Kumbe hatua chache kutoka kwenye msongamano huo mto unapita mtupu, mpana, usiohitaji lami wala taa za njia panda. Kwa nini basi wafanyakazi wasipitishwe huko? Na kwa kuwa boti za kawaida huenda polepole, hakosi mtu katika mkutano wa namna hiyo wa kusimama na kuitaja hovakrafti.

Hoja hiyo haistahili kubezwa. Saa mbili zinazopotea njiani kila siku ni saa za maisha ya mtu. Ni saa ambazo mwalimu angesahihisha madaftari, mzazi angekaa na watoto wake, au fundi angelala akapata nguvu za kesho yake. Mpango wowote unaoahidi kuzirudisha saa hizo unastahili kusikilizwa mpaka mwisho. Lakini fedha zinazonunua chombo cha umma nazo ni jasho la watu hao hao, na chombo kisichofaa kikishanunuliwa hubaki kimefungwa gatini huku nauli ya basi ikipanda. Hapana budi basi jambo hili lipimwe kwa yale yaliyokwisha kutendeka, wala si kwa picha za rangi zinazogawiwa na wenye kuuza. Bahati nzuri yaliyotendeka ni mengi, kwani hovakrafti imekwisha kupita miaka 60 tangu ilipoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza.

Aliyeibuni ni mhandisi wa Kiingereza, Christopher Cockerell, ambaye katikati ya miaka ya 1950 alikuwa akijishughulisha na ujenzi wa boti ndogo. Jambo lililomsumbua ni la kale kama ubaharia wenyewe: maji humshika mwendaji. Chombo hutumia nguvu nyingi kuyapasua maji, na kadiri kinavyotaka kwenda kasi ndivyo maji yanavyozidi kukikatalia. Cockerell alichukua makopo mawili, moja la kahawa na jingine dogo la chakula cha paka, akalitia dogo ndani ya kubwa, kisha akapuliza hewa kwa mashine katika nafasi iliyobaki baina yake na kuielekeza chini kwenye mizani ya jikoni. Mizani ikaonyesha kwamba hewa iliyotoka kwa umbo la pete ilisukuma kwa nguvu zaidi kuliko hewa ile ile ilipopitishwa katika kopo moja. Pete hiyo ilizingira hewa nyingine katikati, ikaizuia isitoroke, na hewa iliyozuiwa ikawa kama mto wa kulalia. Kiswahili hapa kina bahati ya pekee, maana neno lile lile linalotaja maji yapitayo mjini ndilo linalotaja kitu cha kulazia kichwa. Hovakrafti hupita juu ya mto wa maji ikiwa imelalia mto wa hewa.

Chombo cha kwanza, kilichopewa jina la SR.N1, kiliundwa na kiwanda cha Saunders-Roe katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, na kikaonyeshwa mwezi Juni 1959. Tarehe 25 Julai mwaka huo kilivuka bahari kutoka Calais, Ufaransa, hadi Dover, siku ile ile ambayo miaka 50 kabla yake Louis Blériot alivuka hapo kwa ndege. Sherehe zilikuwa kubwa kuliko chombo. Kwa hakika SR.N1 ilielea sentimeta chache tu juu ya maji, na wimbi dogo lilitosha kuitia mashakani. Kilichoiokoa kazi ya Cockerell ni sketi, yaani pindo la mpira mzito linalozungushwa kwenye ukingo wa chini wa chombo. Sketi hujaa hewa, ikakinyanyua chombo mita moja na zaidi bila kudai pangaboi kubwa mno. Tangu hapo hovakrafti iliweza kupita juu ya maji, tope, mchanga, barafu na manyasi bila kusimama. Mwaka 1969 hovakrafti ya aina ya SR.N6 iliondoka Dakar, Senegal, ikapita katika mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, na kumaliza safari yake Kinshasa, kando ya mto Kongo.

Sasa iangaliwe tabia hiyo hiyo kwa upande wa pili. Chombo kisichoshikwa na maji nacho hakiwezi kuyashika maji. Boti ya kawaida ina mkuku uliozama na usukani uliozama. Ikiamriwa kupinda hupata mahali pa kujizuia. Hovakrafti huongozwa na mabawa yaliyosimama nyuma ya rafadha zake, katika upepo, na inapopinda huendelea kuteleza ubavu kama sahani juu ya meza iliyolowa. Upepo wa pembeni huisogeza. Ikikata hewa hukaa majini na kusimama upesi, ni kweli, lakini kuipitisha taratibu katika mahali pembamba ni kazi inayodai nahodha aliyefundishwa kwa muda mrefu. Tena rafadha inayokata hewa hupiga kelele nyingi kuliko ile iliyozama, na kelele hizo huwafikia waliolala ukingoni saa kumi na mbili asubuhi. Baharini kasoro hizi huvumilika kwa kuwa nafasi ipo. Mtoni, katikati ya mji, kila kasoro ina jirani yake.

Safari za kwanza za abiria wa kulipa nauli zilifanyika mwaka 1962, baina ya Rhyl, kaskazini mwa Wales, na Wallasey, ng'ambo ya mdomo wa mto Dee. Hovakrafti iliyotumika, VA-3 ya kiwanda cha Vickers, ilibeba watu 24. Zilianza mwezi Julai, zikakoma mwezi Septemba. Hali ya hewa na hitilafu za mashine zilikizuia chombo hicho siku nyingi, na huduma haikurudi. Mtu angeweza kusema hapo kwamba mambo yamekwisha. Lakini mwaka 1965 ilianzishwa njia nyingine, kutoka Southsea, katika mji wa Portsmouth, hadi Ryde katika kisiwa cha Wight, na njia hiyo inaendelea mpaka sasa. Ni dakika 10 za safari, kila siku, kiangazi na kipupwe. Wamo wanaokwenda kazini, wamo wanafunzi, wamo wagonjwa wanaokwenda hospitali za bara.

Kwa nini Ryde iliweza na Rhyl ikashindwa? Mtu asiyeutazama ufuko wa Ryde atajibu kwamba mashine ziliboreshwa. Zimeboreshwa, lakini sababu kubwa iko ardhini. Pwani ya Ryde ni tambarare ya mchanga. Maji yakipwa, bahari hukimbia mbali na mji. Kwa ajili hiyo watu wa karne ya 19 walilazimika kujenga gati lenye urefu wa karibu nusu maili, lililofunguliwa mwaka 1814, ili boti zipate kina cha kufunga. Abiria wa boti hushushwa mwisho wa gati hilo, kisha hufuata safari ya pili, kwa miguu au kwa treni, mpaka nchi kavu. (Treni hizo, kwa miaka mingi tangu 1967, zimekuwa mabehewa yaliyokwisha kutumika katika reli ya chini ya ardhi ya London, hata mabehewa hustaafu na kuhamia kisiwani.) Hovakrafti haihitaji gati. Maji yakiwa yamejaa au yamepwa, hupanda juu ya mchanga, ikapita, na kutua ukingoni mwa mji, jirani na stesheni na kituo cha mabasi. Dakika inazookoa ni za baharini na za nchi kavu pia, na zile za nchi kavu ndizo boti haiwezi kushindana nazo hata ikiongezewa injini.

Njia hiyo nayo ililipa gharama yake. Tarehe 4 Machi 1972 hovakrafti moja ilipinduka karibu na Southsea katika upepo mkali, watu watano wakafa. Huduma iliendelea baada ya hapo.

Baada ya Ryde, inafaa utazamwe mto wa mji wenyewe, na hakuna mto uliojaribiwa kwa bidii na kwa hasara kama Thames wa London. Mwaka 1905 Halmashauri ya mji huo ilinunua meli 30 za mvuke zenye magurudumu ya makasia ili kuwasafirisha wananchi mtoni kwa nauli ndogo. Zilikuwa meli nzuri. Mwaka 1907 zikaondolewa, baada ya hasara kubwa iliyobebwa na walipa kodi. Tramu na treni zilikuwa zimekwisha kufika karibu na nyumba za watu, hali mto ulibaki pale pale ulipo. Hakuna meli inayoweza kwenda kumchukua mfanyakazi maili mbili kutoka ukingoni.

Mwaka 1963 ikaja zamu ya hovakrafti. Kiwanda cha Denny cha Dumbarton, Scotland, kiliunda D2, chombo cha abiria wapatao 70, nacho kikafanya safari za majaribio mtoni Thames. D2 ilikuwa ya aina nyingine, na tofauti yake inafaa ieleweke. Badala ya kuzungukwa na sketi pande zote, ilikuwa na kuta mbili ngumu ubavuni zilizozama kidogo majini, na sketi mbele na nyuma tu. Hewa hutoroka kidogo zaidi, rafadha hukaa majini, chombo hushika njia yake kwa utii na makelele hupungua. Lakini kwa kuzamisha kuta zake chombo hicho kilitupa karata yake bora, kwa maana hakiwezi tena kupanda ufukoni. Kinahitaji gati kama boti, na kikifika gatini hushindana na boti. Kiwanda cha Denny kilifilisika mwaka huo huo wa 1963, kwa matatizo yake ya biashara ya meli, na hovakrafti za Thames hazikuwa njia ya kudumu ya wafanyakazi.

Waliojaribu tena mwaka 1988 hawakutumia mto wa hewa. Huduma iliyoitwa RiverBus ilikuwa na katamarani, yaani boti za viunzi viwili pacha. Ilitegemea sana majengo mapya ya ofisi yaliyokuwa yakiinuka Canary Wharf, na mwaka 1993 ikafa. Kisha mwaka 1999 ikaanza huduma ndogo ya Thames Clippers, kwa katamarani pia, na hiyo ndiyo iliyokua. Leo ni jambo la kawaida kuona wafanyakazi wamepanga mstari Greenwich au Canary Wharf wakiingoja boti.

Ni nini kilichobadilika baina ya 1907 na 1999? Ukingo wa mto ulibadilika. Mabandari ya zamani ya London yalifungwa moja baada ya jingine, St Katharine mwaka 1968, ya Royal mwaka 1981, na mahali pa maghala pakajengwa nyumba za kuishi na ofisi. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu wakawepo watu wengi wanaolala kando ya maji na kufanya kazi kando ya maji. Hapo ndipo boti ilipopata abiria. Jambo hili laweza kuwaudhi wapenda mashine, lakini maafisa wa mipango ya miji walifanya zaidi kwa usafiri wa Thames kuliko wahandisi wa vyombo. Hata hivyo isisahauliwe kwamba nyumba nyingi za ukingoni ni za wenye kipato, na nauli ya boti hizo inazidi sana nauli ya basi. Mfagiaji wa ofisi za Canary Wharf bado hupanda basi, tena mapema kabla ya wengine hawajaamka.

Wapo watakaosema: basi boti zimefaulu, zikibadilishwa ziwe hovakrafti, si zitafaulu zaidi? Hapa inabidi hesabu ifanywe polepole. Kutoka Greenwich hadi Westminster kwa njia ya mto ni kama kilometa 10. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, ambao hovakrafti huumudu, safari hiyo ni dakika saba na nusu. Hesabu hiyo hupendeza sana ubaoni. Lakini katikati ya London vyombo haviruhusiwi kuzidi mwendo wa kilometa 22 hivi kwa saa, na mwendo wa kasi huachiwa sehemu za chini, mashariki ya daraja la Tower. Baina ya Westminster na Tower, umbali usiofika kilometa tano, yapo madaraja kumi hivi, yenye nguzo, na chini yake hupita majahazi ya mizigo, boti za watalii, boti za polisi na vijana wanaofanya mazoezi ya makasia. Maji yenyewe hupanda na kushuka kwa karibu mita saba wakati wa bamvua, na mkondo hukaza. Amri ya mwendo haikuwekwa kwa ukaidi wa makarani.

Na amri hiyo huigusa hovakrafti mahali panapouma kuliko boti. Kila chombo kinachoongeza mwendo juu ya maji huinua wimbi lake chenyewe, na hovakrafti pia, kwa kuwa hewa iliyo chini yake huyabonyeza maji. Katika mwendo mdogo wimbi hilo hulingana na urefu wa chombo, nacho hujikuta kama mtu anayepanda kilima ambacho kinasogea pamoja naye. Ni sharti kitumie nguvu nyingi kuuvuka mwendo huo. Kikishauvuka, hutulia juu ya maji na kwenda kwa wepesi. Kwa chombo cha urefu wa mita 15 hadi 20, kilima hicho hukutwa kwenye mwendo wa kilometa 24 hadi 28 kwa saa. Kilometa 22 zilizoruhusiwa ziko chini yake kidogo tu. Maana yake hovakrafti ya kawaida katikati ya London ingetembea siku nzima mguuni mwa kilima, ikichoma mafuta mengi, ikirusha maji, na kusukuma mawimbi kwenye boti zilizofungwa, bila kuruhusiwa kukivuka kilima chenyewe. Katamarani zilizochaguliwa zina viunzi vyembamba ambavyo vimetengenezwa makusudi ili viache mawimbi madogo.

Tena mwendo wa chombo ni sehemu moja tu ya safari ya mfanyakazi. Kuna dakika za kutoka nyumbani hadi gatini, dakika za kungoja, za kupanda, za kushuka, na za kutoka gatini hadi kazini. Wakazi wa Dar es Salaam wanaovuka baina ya Magogoni na Kigamboni wanalijua hili bila kufundishwa na mhandisi yeyote, kwani pantoni ikishaondoka huvuka kwa dakika chache, na muda hasa hupotea kwenye foleni. Hovakrafti ya kasi namna gani isingeweza kupunguza foleni hiyo kama ingebeba watu 80 mahali ambapo pantoni hubeba mamia pamoja na magari yao. Hali kadhalika kwenye mto wowote wa mji. Pale ambapo kuvuka ni dakika tano, kuifanya iwe mbili ni faida ndogo mno kwa fedha nyingi mno.

Haifai hata hivyo kuhitimisha kwamba hovakrafti haina nafasi katika mto wa mji. Upo mto ambao umeikaribisha. Mji wa Samara, nchini Urusi, uko ukingoni mwa Volga, na ng'ambo yake kuna kijiji cha Rozhdestveno, ambacho watu wake huja mjini kwa kazi, kwa masomo na kwa matibabu. Kiangazi huvushwa na boti. Majira ya baridi yakiingia, mto huganda. Kwanza barafu huwa nyembamba, isiyompitisha mtu wala kuiachia boti njia. Baadaye huwa nene lakini yenye nyufa. Na mwisho wa baridi huvunjika vipandevipande na kuteremka na mkondo. Katika majuma hayo boti ya kawaida ni kitu cha kufungwa ukingoni. Hovakrafti ndogo za dizeli hupita juu ya hayo yote na kupanda ukingo wenyewe. Huko mashariki ya mbali, katika mto Amur, hovakrafti za namna hiyo zimewavusha watu baina ya Blagoveshchensk, Urusi, na Heihe, China, katika vipindi ambavyo mto si maji tena na bado si barafu imara. Hakuna anayezipanda kwa kupenda kasi. Huzipanda kwa sababu majuma hayo hakuna kingine.

Kwa hiyo Ryde ina mchanga, Samara ina barafu, na London ina kina cha kutosha na magati yanayoelea. Chombo ni kile kile. Mahali pa kutua ndipo panapotoa hukumu, na hapo ndipo ofisa anayeletewa pendekezo la kununua hovakrafti anapopaswa kuanzia maswali yake, kabla ya kuuliza habari za mwendo. Je, ukingo ni tope kiasi cha kuzuia boti? Maji hukauka miezi mingapi? Kama gati lipo, na kina kipo mwaka mzima, basi kila shilingi inayolipiwa mto wa hewa inanunua uwezo usiotumika.

Na shilingi hizo si chache. Hovakrafti hutumia mafuta hata inaposimama imeelea, kwa sababu pangaboi likizimwa chombo hukaa chini. Sketi husuguliwa na maji, mchanga na barafu, na vipande vyake vya chini hubadilishwa mara kwa mara. Ni mpira wa namna ya pekee, hauuzwi kila duka. Hovakrafti za miaka ya 1960 zilitumia injini za asili ya ndege, nyepesi na zenye nguvu, lakini zenye kiu. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 kiu hiyo ikageuka ugonjwa. Njia ya Ryde iliponea kwenye badiliko la mwaka 1983, ilipopata hovakrafti za aina ya AP1-88, zilizoundwa kwa aluminiamu ya kuunganishwa kwa moto na kuendeshwa na injini za dizeli ambazo fundi wa malori angezitambua. Hovakrafti kubwa za SR.N4, zilizoanza mwaka 1968 kuvusha watu na magari baina ya Uingereza na Ufaransa, hazikupata badiliko la namna hiyo. Ziliendelea na injini zake za ndege, zikazeeka, reli ya chini ya bahari ikafunguliwa mwaka 1994, na tarehe 1 Oktoba 2000 zikafanya safari ya mwisho.

Mji uliozitumia hovakrafti kwa wingi kuwapeleka watu kazini ni Hong Kong, ijapokuwa njia yake ni ya bandari kuliko ya mto. Kuanzia miaka ya 1970 kampuni ya vivuko ya Hongkong and Yaumati Ferry ilitumia kundi kubwa la hovakrafti za kuta, jamaa za ile D2, zilizoundwa na kampuni ya Hovermarine, kuunganisha katikati ya mji na makazi mapya yaliyokuwa yakijengwa mbali, kama Tuen Mun. Watu walijaa, kwa sababu wakati huo barabara na reli zilikuwa hazijafika huko sawasawa. Zilipofika, abiria walipungua, na mahali pa hovakrafti pakachukuliwa na katamarani. Hakuna aibu katika historia hiyo. Chombo kilifanya kazi ya miaka mingi katika nafasi iliyokuwa wazi, kisha kikaondoka.

Mfano wa mwisho unatoka Japani, nao bado haujafikia mwisho wake. Mji wa Oita uko upande mmoja wa ghuba ya Beppu, na uwanja wake wa ndege uko upande wa pili; barabara inalazimika kuizunguka ghuba, safari ya kama saa moja. Kuanzia 1971 hovakrafti zilivuka moja kwa moja, mpaka mwaka 2009 kampuni iliyoziendesha ilipozidiwa na gharama na huduma ikafungwa. Kwa miaka 15 na zaidi wasafiri walirudi barabarani. Kisha serikali ya mkoa ikaamua kununua hovakrafti mpya tatu za dizeli kwa fedha za umma na kuiachia kampuni kazi ya kuziendesha. Wakati wa mafunzo manahodha wapya walizigonga mara kadhaa, na ufunguzi ukaahirishwa mpaka wajifunze kukizuia chombo kisichoshika maji. Safari za kawaida zilianza tena mwezi Julai 2025. Hesabu za nauli, mafuta na sketi za Oita zitaanza kusomeka baada ya miaka michache, na watumishi wa mipango katika miji mingine yenye maji watafanya vema kuziomba nakala.